Kabla ya Mshono wa Kwanza

Doti ya khanga inapotoka dukani huwa ni kitambaa kimoja kisichokatwa. Mnunuzi huikata katikati kupata vipande viwili, kisha kila kipande hupindwa ncha zake zilizokatwa ili nyuzi zisichomoke. Upande mmoja una karibu sentimita 110, na doti nzima ina pande nne za kupinda, kwa hiyo kazi yote ni kama mita nne na nusu. Mshono wa kawaida kwa pamba una urefu wa milimita mbili na nusu. Anayepiga hesabu ataona kwamba pindo la doti moja linakula mishono zaidi ya 1,700, na fundi wa barazani, iwe Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Darajani kule Unguja, hulimaliza mteja akiwa bado amesimama pembeni anasubiri.

Mishono 1,700 na ushei, yote ya urefu mmoja, yote imekazwa sawasawa juu na chini. Hakuna mteja anayeihesabu. Anakunja khanga yake, analipa, anakwenda zake.

Fundi husifiwa kwa gauni lililomkaa bibi harusi, kwa kola iliyosimama, kwa suruali ambayo mstari wake haujapinda. Sifa hizo ni haki yake. Lakini sehemu kubwa ya ufundi wake imekwisha kufanyika kabla kitambaa hakijawekwa chini ya mguu wa cherehani: sindano imechaguliwa, uzi umepitishwa njia yake, bobini imejazwa vizuri, mkanda umekazwa, mafuta yametiwa, na kipande cha majaribio kimeshonwa, kikageuzwa na kutazamwa upande wa chini. Kazi hiyo haionekani kwenye nguo. Huonekana pale tu ilipokosekana, na mwenye cherehani nyumbani akiijua, mashine yake itamtumikia miaka mingi bila kinyongo.

Cherehani ni mashine ya nadra kwa jambo moja: haifichi chochote. Anayetaka kujua mshono unavyozaliwa anaweza kuuona kwa macho yake. Avute kile kibati cha kuteleza kilicho karibu na sindano, atie uzi wa rangi moja juu na wa rangi nyingine chini, kisha azungushe gurudumu kwa mkono, taratibu. Sindano itashuka na uzi wa juu, itapenya kitambaa, itafika mwisho wa safari yake, kisha itaanza kupanda. Hapo ndipo pa kukazia macho. Ikishapanda milimita mbili hivi, uzi ulio ubavuni mwake unashindwa kupanda nayo kwa kuwa umebanwa na kitambaa, basi unatuna na kufanya kitanzi kidogo. Muda uleule ncha ya ndoana iliyo chini ya kitambaa inapita karibu kabisa na sindano, inakinasa kile kitanzi, inakipanua na kukivusha kuizunguka bobini nzima. Kule juu, mkono wa kuvutia uzi unapanda na kukikaza. Nyuzi mbili zimefungana katikati ya unene wa kitambaa.

Ajabu kubwa iko kwenye kesi ya bobini. Haina ekseli. Haikufungwa kwa skrubu wala kushikizwa kwenye mwili wa mashine, maana ingefungwa, kitanzi kisingekuwa na pa kupita. Imekaa tu ndani ya nafasi yake, imezuiwa isizunguke, na kuizunguka pande zote kumeachwa upenyo mwembamba wa kupitisha uzi. Kila mshono mmoja, uzi wa juu unaivuka kesi hiyo yote na kurudi. Kwenye pindo la doti moja, safari hiyo inafanyika zaidi ya mara 1,700.

Wanadamu hawakulifikia jambo hili kwa urahisi. Wabunifu wa mwanzo walijaribu kuiga mkono wa mshonaji, ambao huitumbukiza sindano upande mmoja, kuiachia na kuipokea upande wa pili. Mashine haina vidole vya kupokea. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati ya ubunifu mwaka 1830 kwa mashine iliyoshona mnyororo wa uzi mmoja, na karakana yake jijini Paris ilikuwa na mashine zipatazo 80 zikishona sare za jeshi. Washonaji wa mkono walihofia kunyang'anywa riziki. Mwaka uliofuata waliivamia karakana ile na kuzivunja mashine. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857.

Kilichofungua mlango ni kuhamisha tundu. Sindano ya mkono ina tundu upande wa kichwani. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha, ili uzi uvuke kitambaa bila sindano yote kuvuka. Mmarekani Elias Howe aliliunganisha tundu hilo na uzi wa pili kutoka chini, na tarehe 10 Septemba 1846 akapewa hati yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Boston, mashine yake ilishindanishwa na washonaji watano hodari, ikawashinda kwa kushona mishono 250 kwa dakika. Isaac Merritt Singer alipata hati yake tarehe 12 Agosti 1851 kwa mashine iliyosimamisha sindano wima juu ya meza na iliyofaa kuendeshwa kwa mguu, mikono yote miwili ikabaki huru kuongoza kitambaa. Allen Wilson ndiye aliyekamilisha yale meno madogo chini ya mguu wa cherehani, mwaka 1854: yanapanda, yanasogeza kitambaa, yanashuka, yanarudi yalikotoka. Wenye hati walishtakiana mahakamani hadi walipoamua, mwaka 1856, kuziweka hati zao katika chungu kimoja na kugawana mapato.

Mwaka huohuo wa 1856 Edward Clark, mshirika wa Singer, alianza kuwauzia watu cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Uamuzi huo ulikuwa mzito sawa na ubunifu wenyewe. Mashine ambayo familia ya kawaida isingeweza kuilipia kwa mkupuo iliingia sebuleni. Hesabu zilizochapishwa na kampuni ya Wheeler & Wilson mwanzoni mwa miaka ya 1860 zilionyesha kwamba shati la mwanamume lililokula zaidi ya saa 14 kwa mkono lilimalizika kwa saa moja na robo kwa mashine. Saa 13 zilizobaki zilikuwa za mwanamke, karibu kila mara.

Hata Mahatma Gandhi, aliyeutetea uzi wa kusokota kwa mkono kwa miaka mingi, aliitenga cherehani. Mwaka 1924, alipoulizwa kama anazikataa mashine zote, aliitaja ya Singer kwa jina na kuihesabu miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa ya kweli kwa mwanadamu. Sababu aliyoitoa ni kwamba nyuma ya mashine ile kulikuwa na upendo: mume aliyeona mkewe anachoka kwa kushona.

Pwani ya Afrika Mashariki ushonaji na vazi vimekwenda pamoja tangu zamani. Inasimuliwa kwamba khanga yenyewe ilianzia kwenye leso za kupigwa chapa zilizouzwa kwa jora mwishoni mwa karne ya 19: wanawake walikata leso sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi jipya. Baadaye kitambaa kizima kilianza kuchapishwa kikiwa na pindo pembezoni, mji katikati na jina, yaani msemo wake, na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, lingali likijulikana kwa khanga za Mali ya Abdulla. Kushona hakukuondoka kwa kuwa kitambaa kilikuja kizima. Kulihamia kwenye pindo, kwenye gauni, kwenye kanzu, kwenye sare za shule kila Januari, na huko Bukavu na Lubumbashi, nchini Kongo, kwenye mavazi ya kikwembe, yaani kitenge.

Cherehani nyeusi zenye maandishi ya dhahabu zilizoenea katika makoloni ya Uingereza nyingi zilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda cha Singer kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kituo cha treni cha mahali pale kinaitwa Singer hadi leo. Baadaye zilikuja Butterfly za Shanghai, zile za picha ya kipepeo, ambazo ziliundwa kwa kufuata mfumo wa Singer aina ya 15. Nchini China kwenyewe cherehani ilihesabiwa pamoja na saa ya mkono, baiskeli na redio, vitu vinne ambavyo familia ilivitamani kabla ya harusi. Mfumo huo wa 15 uliigwa Japani, China na India kwa wingi sana, na matokeo yake yanamfaa mtu wa nyumbani hadi sasa: bobini, kesi na sindano za cherehani ya Kichina mara nyingi zinaingia kwenye Singer ya zamani ya aina hiyo, na za Singer hiyo zinaingia kwenye ya Kichina.

Basi mashine imefika nyumbani. Kazi ya kwanza ni mahali pa kuiweka. Mwanga wa dirisha utoke upande wa kushoto au mbele, ili kivuli cha mkono kisiangukie sindano. Meza isicheze: miguu ya chuma ikiwa haijakaa sawa sakafuni, mtikisiko wake hufika mpaka kwenye mshono. Kiti kiwe cha urefu ambao magoti hayagongi meza na mgongo haukunjiki.

Kwa cherehani ya miguu, mkanda wa ngozi ndio wenye neno. Ukilegea, gurudumu la chini linazunguka na la juu linabaki nyuma, hasa sindano inapokutana na kitambaa kinene. Ukikazwa kupita kiasi, kukanyaga kunakuwa kuzito na chuma kinalika. Ngozi hurefuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo fundi huifungua pini yake, akakata kipande kidogo, akaiunga tena. Mafuta nayo yawe mafuta ya cherehani hasa, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja moja kwenye kila tundu lililochongwa kwa kazi hiyo na popote chuma kinaposuguana na chuma. Mafuta ya kupikia yanafaa kwa muda mfupi tu, kisha yanaganda na kuwa gundi, na mashine ambayo ilikuwa nyepesi inakuwa nzito kiasi cha kudhaniwa imekufa. Baada ya kutia mafuta, ishonwe kwanza kwenye kitambaa kikuukuu mpaka doa la mafuta lisionekane tena.

Halafu ije miguu ya mshonaji. Anayeanza anyanyue mguu wa cherehani, aondoe uzi, na ajifunze kukanyaga tu. Unyayo mmoja utangulie kidogo, mwingine ubaki nyuma, na nguvu ihame kutoka vidoleni kwenda kisiginoni bila kukatika. Gurudumu la juu lizunguke kumwelekea yeye. Likirudi nyuma, uzi hujisokota chini na kukatika, na hilo ndilo kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya mpaka mwili wake uzoee kuanzisha gurudumu kwa mkono wa kulia kabla ya miguu kufuata. Miguu ikitulia, apewe karatasi yenye mistari. Ashone bila uzi juu ya mistari ile, na matundu yatamwambia ukweli wote: wapi alipotoka, wapi aliharakisha, wapi alisita. Karatasi haina haya. Walimu wengi wa ushonaji huanzia hapo, na mwanafunzi anayeruka hatua hii huilipia baadaye kwa vitambaa. Sindano iliyotumika kwenye karatasi hubutuka, hivyo iwekwe kando kwa kazi hiyo tu.

Sindano ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye cherehani, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuliko vyote. Ina namba mbili, kwa mfano 90/14. Ile 90 ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.9, ile 14 ni namba ya mfumo wa zamani wa Kimarekani. Kwa kitambaa chepesi cha mtandio, 75/11 inatosha. Khanga, kitenge na shati la shule vinapenda 90/14. Kaki na jinzi zinahitaji 100/16 au 110/18. Sindano nyembamba kwenye jinzi inapinda na kuvunjika. Nene kwenye mtandio inaacha matundu yasiyofunga.

Ukiishika sindano mbele ya mwanga utaona kwamba pande zake mbili hazifanani. Upande mmoja una mfereji mrefu kutoka juu hadi kwenye tundu. Upande wa pili shina lake limekatwa bapa, na juu kidogo ya tundu pana kibonyeo kifupi. Kila kimoja kina kazi yake. Sindano inaposhuka, uzi unalala ndani ya mfereji mrefu usisuguane na kitambaa. Inapopanda, kitanzi kinatunia kwenye kibonyeo, na ndoana inapita pale bila kuigusa sindano. Ndiyo maana ubapa lazima uelekee upande wa ndoana, na uzi uingie tunduni kutoka upande wa mfereji. Sindano ikifungwa kinyume, kitanzi kinajitokeza upande usio na wa kukinasa. Mafundi husema cherehani inaruka. Cherehani nyingi zinazopelekwa kwa fundi wa kutengeneza kwa kosa la kuruka zimewekewa sindano kinyume, au iliyobutuka, au ambayo haikusukumwa juu hadi mwisho.

Uzi wa juu una njia yake, na kila kituo cha njia hiyo kina sababu. Unatoka kwenye kigurudumu chake, unapita vishikizo, unaingia kati ya visahani viwili vya kukaza, unashika springi ndogo, unapanda kwenye mkono wa kuvutia, unashuka hadi sindanoni. Mguu wa cherehani uwe umenyanyuliwa wakati wa kuutia. Mguu ukiwa juu visahani vinaachana na uzi unakaa katikati yake. Mguu ukiwa chini vimebanana, na uzi unateleza juu juu tu bila kushikwa. Mshonaji hataona tofauti yoyote mpaka ageuze kitambaa na kukuta vitanzi vimejazana chini. Atailaumu bobini, kumbe kosa liko juu.

Bobini ijazwe kwa mwendo wa taratibu, uzi ukipangika safu kwa safu. Wakati wa kujaza, kile kigurudumu kidogo ndani ya gurudumu la juu hulegezwa ili sindano isipande na kushuka bure. Bobini iliyojazwa ovyo, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, hutoa uzi kwa kushtukashtuka. Ikishaingizwa kwenye kesi na uzi kupitishwa chini ya kibati cha springi, kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote: kesi ining'inizwe kwa uzi wake, kisha mkono utikiswe kidogo. Ikianguka moja kwa moja, springi imelegea. Ikikataa kabisa kusogea, imekaza mno. Inayotakiwa ni ile inayoshuka kidogo na kusimama, kama buibui kwenye uzi wake. Skrubu ya kurekebishia ni ndogo mno, na robo ya mzunguko inatosha kubadilisha kila kitu.

Sasa mkazo wa nyuzi mbili unaweza kulinganishwa. Mshono hushonwa kwenye kipande cha kitambaa kilekile kitakachotumika, kikiwa kimekunjwa mara mbili, kisha hutazamwa pande zote mbili. Uzi wa chini ukichungulia juu, uzi wa juu umekazwa kupita kiasi. Uzi wa juu ukionekana chini kwa vitanzi, umelegea, au haukukaa kwenye visahani. Kitambaa kikisinyaa kwenye mstari wa mshono, nyuzi zote mbili zimekaza. Mshono ulio sawa hauna juu wala chini: fundo la kila hatua limezama katikati ya kitambaa, na kidole kikipita pande zote mbili kinahisi kitu kilekile. Mshonaji anayejua kuusoma upande wa chini anajua hali ya mashine yake bila kuifungua, na ujuzi huo hauuzwi dukani.

Kazi yenyewe ikianza, mikono haina haja ya nguvu. Ncha mbili za uzi, wa juu na wa chini, zivutwe nyuma chini ya mguu, urefu wa kiganja, na zishikwe kwa mishono mitatu minne ya mwanzo. Zikiachwa, ukingo wa kitambaa chepesi humezwa na tundu la sindano. Tangu hapo meno ndiyo yanayosogeza. Mkono wa kushoto unaongoza, wa kulia unaandaa kilicho mbele. Anayevuta kitambaa kutoka nyuma ili kazi iende haraka huipinda sindano, na sindano iliyopinda hugonga chuma na kuvunjika.

Pindo la khanga linaonyesha haya yote kwa pamoja. Ukingo uliokatwa hukunjwa nusu sentimita, ukapigwa pasi au kubanwa kwa kucha, kisha ukakunjwa tena ili nyuzi zilizochanika zifungiwe ndani. Kwenye pembe, ambapo mkunjo umerundikana, anayeanza hukanyaga kwa nguvu zaidi. Fundi hufanya kinyume: hupunguza mwendo, akaweka mkono kwenye gurudumu na kuivusha sindano mshono mmoja mmoja mpaka unene upite. Macho yake hayako kwenye sindano. Yako kwenye ukingo wa mguu wa cherehani, ambao unafuata mstari wa pindo, kwa maana sindano itakwenda mahali palepale tu na kinachobadilika ni kitambaa. Akimaliza, huhakikisha mkono wa kuvutia uzi uko juu kabisa ndipo anyanyue mguu na kutoa kazi. Asipofanya hivyo, uzi huvutika nyuma na sindano huachwa tupu.

Mashine ikisumbua, utaratibu wa kuikagua ni uleule kwa Singer ya zamani na kwa ya umeme iliyonunuliwa juzi. Uzi utolewe wote na kutiwa upya. Sindano ibadilishwe. Kibati kifunguliwe na manyoya ya pamba yaliyojikusanya kati ya meno na kuzunguka ndoana yafagiliwe kwa brashi ndogo. Mara nyingi hutoka tonge zima, limeshindiliwa na mafuta. Baada ya hayo matatu, ndipo mkazo uguswe. Wengi huanza na mkazo kwa kuwa kitasa chake kiko mbele na kinazungushika, na ndani ya saa moja wameharibu mpangilio uliokuwa sawa, wakati tatizo lilikuwa sindano ya siku nyingi.

Haya ni maarifa madogo madogo, na ukubwa wake huonekana yanapohitajika ghafla. Mwaka 2020, barakoa zilipoadimika, zilishonwa kwa vitenge na khanga majumbani na barazani, Kenya na Tanzania, na watu ambao cherehani zao zilikuwa tayari. Hakuna kiwanda kilichohitajika kuwafundisha. Nyumba yenye cherehani iliyotegwa vyema haitupi sare kwa sababu ya zipu, haisubiri foleni ya fundi wiki ya Idd, na mtoto akirefuka, pindo la suruali linafunguliwa na kushushwa jioni ileile. Kwa mwanamke anayecheza upatu na wenzake ili anunue mashine, hesabu ni ya wazi zaidi: pindo la doti, mashati mawili ya shule, mto wa kochi, na deni linaanza kupungua.

Cherehani ya umeme imerahisisha kukanyaga, na za kompyuta zinachagua urefu wa mshono kwa kitufe. Ndani yake, hata hivyo, ni sindano ileile yenye tundu karibu na ncha, ndoana ileile, kesi ileile ya bobini isiyo na ekseli. Aliyejifunza kutega ya miguu hapotei kwenye ya umeme. Umeme ukikatika, yule wa miguu anaendelea na kazi yake.

Nyumba nyingi zina cherehani iliyogeuzwa meza, imefunikwa kitambaa na kuwekewa televisheni au chombo cha maua. Mara nyingi haijafa. Inadai pakiti ya sindano, chupa ndogo ya mafuta, brashi, pengine mkanda mpya, na jioni moja ya mtu mwenye subira. Ikishazunguka kwa wepesi, kazi ya kwanza iwe foronya. Ina mishono iliyonyooka tu, inakula kitambaa kidogo, na kosa lake linafumuliwa bila hasara. Ya pili itashonwa haraka kuliko ya kwanza, na kufikia ya tatu mshonaji ataanza kugeuza kitambaa upande wa chini bila kukumbushwa.